UZI: Naheed Nenshi, kutoka darasani Mount Royal hadi umeya wa Calgary na upinzani Alberta. Tuichambue kazi yenyewe

Ngarenaro
Wakuu, jina la Naheed Nenshi likitajwa humu mjadala huishia sehemu mbili: kwamba ndiye Mwislamu wa kwanza kuongoza jiji kubwa Amerika Kaskazini, na kwamba wazazi wake walitokea Tanzania. Yote kweli, ila hayasemi chochote kuhusu kazi. Nafungua uzi huu tuangalie alifundisha nini, umeya wa Calgary una meno kiasi gani, na kwa nini siasa za jimbo ni mchezo mwingine kabisa. Wenye data karibuni.

Tuanze kwa kuondoa kosa linalorudiwa kila mara. Familia yake si ya wale waliofukuzwa Uganda. Amin alitangaza kuwatimua Waasia Agosti 1972 na kuwapa siku 90. Nenshi alizaliwa Toronto tarehe 2 Februari 1972, miezi sita kabla ya tangazo hilo. Wazazi wake ni Waismailia wa Tanzania waliohamia Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akiwa bado mdogo familia ikahamia Calgary, akakulia mtaa wa Marlborough, upande wa kaskazini mashariki.

Kwa kifupi: shahada ya biashara Chuo Kikuu cha Calgary, 1993, ambako pia alikuwa rais wa serikali ya wanafunzi. Shahada ya uzamili ya sera za umma Harvard, 1998. Miaka kadhaa McKinsey kama mshauri wa makampuni, kisha kampuni yake mwenyewe ya ushauri. Halafu ualimu: Mount Royal, ambayo ilipata hadhi ya chuo kikuu 2009, akifundisha usimamizi wa asasi zisizo za kibiashara. Pembeni aliandika safu ya masuala ya jiji kwenye Calgary Herald. Mwaka 2004 aligombea udiwani, kura hazikutosha.

Hilo somo alilofundisha wengi hulipita tu. Asasi isiyo ya kibiashara ina bodi ambayo huwezi kuiamuru, watu wa kujitolea ambao huwezi kuwafukuza, na fedha zilizokuja na masharti ya mfadhili. Mkurugenzi wake anaishi kwa kueleza na kushawishi. Kwa maoni yangu hayo ndiyo maandalizi ya umeya wa Kanada, kuliko hata McKinsey.

Tarakimu
Nakazia hapo kwenye meno. Meya wa Calgary ana kura 1 kati ya 15. Kata ni 14, kila moja diwani mmoja, na meya ndiye pekee anayechaguliwa na jiji zima. Hana turufu ya kupinga uamuzi wa baraza. Mkurugenzi wa jiji anaajiriwa na baraza, na watumishi wote wako chini ya mkurugenzi. Polisi wana kamisheni yao. Shule zina bodi zao zinazochaguliwa kivyake, ya umma na ya Kikatoliki. Yaani mwalimu akiwa meya hana mamlaka hata ya kuamua rangi ya ukuta wa darasa.

Kule Ontario mambo yamebadilika tangu 2022, mameya wa Toronto na Ottawa walipewa nguvu za ziada. Alberta hakuna kitu hicho.

Mfano mzuri wa hesabu ya kura ni handaki la uwanja wa ndege. Mamlaka ya uwanja ilikuwa inajenga njia mpya ya kurukia ndege ambayo ingekata barabara ya upande wa mashariki. Handaki lilipaswa kuchimbwa kabla njia haijamwagwa zege, kwa sababu kuchimba chini ya njia inayotumika kungekuwa ghali mno. Nenshi alikuwa na miezi michache tu ofisini. Februari 2011 baraza likapiga kura: 8 kwa 7. Mradi wa dola milioni 295, ukafunguliwa Mei 2014. Diwani mmoja tu angegeuka, usingekuwepo.

KijanaWaTudor
Swali kwa wakuu. Huko mtu anachukuaje fomu? Na mwalimu anaruhusiwa kugombea bila kuacha kazi?

Tarakimu
Alberta, uchaguzi wa mitaa uko hivi. Uwe raia wa Kanada, miaka 18 au zaidi, na uwe umeishi ndani ya mji huo miezi sita mfululizo kabla ya siku ya kurudisha fomu. Kwa umeya wa Calgary wadhamini ni wapiga kura 100, na dhamana dola 500. Unaapa mbele ya kamishna wa viapo. Dhamana inarudi ukishinda, au ukipata angalau nusu ya kura za aliyeshinda, au ukijitoa ndani ya saa 24 baada ya fomu kufungwa. Nje ya hapo imekwenda.

Watu wanapokwama ni kwenye hao wadhamini. Kila mmoja lazima awe na sifa za kupiga kura kwenye mji huohuo, na anuani yake iandikwe. Mwenye akili anakusanya 130 au 150, kwa sababu rafiki zako wengine utakuta wanaishi miji ya jirani, Airdrie au Cochrane, na hawajui kwamba hawahesabiki.

Kuhusu mwalimu: sheria inamzuia mwajiriwa wa chombo kilekile anachokigombea, mpaka achukue likizo. Mwalimu ni mwajiriwa wa bodi ya shule, si wa jiji. Akigombea udiwani au umeya sheria ya uchaguzi haimbani. Akigombea ujumbe wa bodi ya shule ndipo lazima awe likizo. Mhadhiri wa chuo kikuu ni hivyohivyo, jiji si mwajiri wake. Ndiyo maana mabaraza ya miji midogo huko yamejaa walimu: udiwani wa mji mdogo ni kazi ya jioni, vikao ni Jumatatu au Jumanne usiku, na mtu anabaki na ajira yake.

DadaWaMsasani
Mbona mnaruka kampeni ya 2010? Pale ndipo ualimu ulipoonekana.

Mwezi mmoja kabla ya kura alikuwa chini ya asilimia 10 kwenye tafiti za maoni. Mbele yake walikuwa Ric McIver, diwani mzoefu wa mrengo wa kihafidhina, na Barb Higgins, mtangazaji wa televisheni ambaye kila nyumba ilimjua. Meya aliyekuwepo, Dave Bronconnier, hakugombea tena, kwa hiyo kiti kilikuwa wazi. Kambi ya Nenshi ilifanya mambo matatu ambayo leo ni ya kawaida ila wakati ule hayakuwa hivyo. Vikao vya kahawa majumbani, ambapo mwenyeji anaalika majirani na mgombea anakuja kujibu maswali. Facebook na Twitter zikitumika kujibu watu, si kubandika mabango tu. Na sera zilizoandikwa kwa urefu, zenye sababu na gharama. Rangi yake ilikuwa zambarau, mchanganyiko wa nyekundu ya Waliberali na bluu ya Wahafidhina, kuonyesha hana chama. Wagombea wa mitaa Alberta hawakuwa na vyama kwenye karatasi ya kura enzi hizo.

Oktoba 18, 2010: Nenshi kura 140,263, kama asilimia 40. McIver 112,386. Higgins 91,359. Waliojitokeza asilimia 53, wakati 2007 walikuwa kama 33. Hapo kwenye kujitokeza ndipo penye siri. Hakunyang'anya kura za McIver kwa wingi. Alileta watu ambao miaka mingine hubaki nyumbani.

Tusisahau pia kwamba ni mfumo wa mwenye nyingi ndiye mshindi, bila duru ya pili. Wapinzani wawili wakubwa waligawana asilimia 57. Kungekuwa na marudio kati ya wawili, sithubutu kusema ingekuwaje.

Ngarenaro
Kweli dada. Wa nyumbani wataona ajabu: Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake, kwa hiyo kampeni yake inaishia ndani ya ukumbi. Calgary meya anatafuta kura jiji zima halafu akiingia ukumbini anakuta 14 ambao hakuna hata mmoja anayemdai chochote. Hakuna nidhamu ya chama ya kuwabana.

MzeeWaMahesabu
Mnaongelea umeya bila kuongelea kodi ya majengo? Hiyo ndiyo kazi nusu nzima, na ndiyo iliyomchosha kipindi cha tatu.

Miji ya Alberta hairuhusiwi kupanga bajeti ya uendeshaji yenye nakisi. Baraza linapanga matumizi kwanza, linatoa mapato mengine, kinachobaki kinagawanywa kwa thamani ya majengo yote. Kiwango cha makazi ni tofauti na cha biashara. Thamani inayotumika ni ya soko tarehe 1 Julai ya mwaka uliotangulia. Ndani ya bili hiyohiyo kuna sehemu ya elimu ambayo jiji linakusanya na kuikabidhi serikali ya jimbo; mwananchi anamtukana meya kwa pesa ambayo meya haioni.

Sasa angalia kilichotokea. Bei ya mafuta ilianguka mwishoni mwa 2014, makampuni yakafunga ofisi, maghorofa ya katikati ya jiji yakabaki matupu, thamani ikaporomoka. Chukua mfano wa kubuni upande wa biashara tu. Majengo yote yana thamani ya bilioni 10, jiji linahitaji milioni 50, kiwango ni asilimia 0.5. Maghorofa ni bilioni 4, yanalipa milioni 20. Wengine ni bilioni 6, wanalipa milioni 30. Maghorofa yashuke hadi bilioni 2. Jumla sasa ni bilioni 8, kiwango kinakuwa 0.625. Maghorofa yanalipa milioni 12.5. Wengine wanalipa milioni 37.5. Fundi magari na mwenye mgahawa wa pembeni bili imepanda kwa robo nzima, jengo lake halijaongezeka thamani, na jiji halijaongeza matumizi hata senti moja.

Juni 2019 wenye biashara ndogo waliandamana nje ya ukumbi wa jiji. Baraza likapitisha nafuu ya dola milioni 131, ambapo milioni 60 zilitoka kwenye kupunguza matumizi ya jiji yenyewe na zilizobaki ni fedha za mara moja. Za mara moja, sikilizeni hapo. Mwakani tatizo liko palepale. Mwalimu bora duniani hawezi kumweleza mwenye mgahawa hesabu ile akaridhika, kwa sababu hata akiielewa bado bili ni yake.

KijanaWaTudor
Mzee hii ya robo nzima nimeielewa kuliko makala zote nilizosoma. Shukrani.

Mkarafuu
Mie niko upande wa wasiompenda sana, acheni niseme. Huo ualimu mnaousifu ulikuwa pia udhaifu wake. Wapinzani walilalamika miaka yote kwamba anahutubia madiwani kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukiwa na kura 1 kati ya 15, kuwa sahihi hakutoshi, unahitaji 8.

Angalieni suala la vyumba vya kupangisha ndani ya nyumba za familia, vile vya chini ya ardhi. Alilipigania tangu kampeni ya 2010. Sehemu kubwa ya jiji kila mwenye nyumba aliyetaka kukihalalisha ilibidi aje mbele ya baraza zima, kwenye kikao cha wazi, aeleze kwa nini anataka mpangaji. Watu walikuwa wanasimulia ugonjwa wa mama na talaka zao kwenye kipaza sauti ili wapewe kibali cha jiko la pili. Baraza la jiji la watu zaidi ya milioni likikaa hadi usiku kwa mambo hayo. Mabadiliko yakapita Machi 2018. Miaka zaidi ya saba kwa jambo ambalo hata wahafidhina wa soko huria walipaswa kulipenda!

Na Olimpiki ya 2026. Aliunga mkono. Oktoba 31, 2018 baraza lilipiga kura kuua ombi: 8 walitaka life, 7 hapana. Lilinusurika tu kwa sababu ilihitajika theluthi mbili, yaani 10. Wiki mbili baadaye, Novemba 13, wananchi wakapiga kura ya maoni na asilimia 56.4 wakasema hapana. Makubaliano ya fedha kati ya serikali kuu, jimbo na jiji yalikuja dakika za mwisho kabisa, mpiga kura hakupata muda wa kuyasoma. Huwezi kufanya mtihani siku ya kugawa vitabu.

DadaWaMsasani
Mkarafuu, ya Olimpiki nakupa. Ya vyumba sikupi yote: kila jaribio liliangushwa na madiwani wa kata za pembeni ambao wapiga kura wao waliogopa maegesho kujaa. Hilo si suala la lugha yake.

Halafu umeruka mafuriko. Juni 20, 2013 mito ya Bow na Elbow ilifurika pamoja, kama watu 75,000 kwenye mitaa 26 wakaamriwa kuhama. Uwanja wa Saddledome ulijaa maji hadi kwenye safu za viti. Wengi hukumbuka alivyokesha mpaka watu mtandaoni wakamwomba akalale. Kilichosaidia ni mipango: kituo cha dharura cha jiji kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, na aliyekuwa anaendesha operesheni ni mkuu wa zimamoto, Bruce Burrell. Meya alichukua kazi ya kuongea. Kwa sheria ya Alberta hali ya dharura ya mji inadumu siku 7 isipohuishwa, na inatoa nguvu za kuamuru watu wahame na kuingia kwenye majengo. Nguvu hizo zinatekelezwa na wataalamu. Meya akianza kuwaelekeza wazimamoto barabara gani wafunge, mambo yanaharibika. Yeye hakufanya hivyo: alieleza nini kimefungwa, nani ahame, kwa nini msipande mitumbwi mtoni, kisha akampa kipaza sauti mhusika.

Miezi minne baadaye akashinda kwa asilimia 74.

Mkarafuu
Na 2017 akashuka hadi 51, dhidi ya Bill Smith aliyepata karibu 44. Mafuriko yakikauka watu wanarudi kwenye bili ya kodi. Mzee kaeleza vizuri.

Tarakimu
Aprili 2021 akatangaza hagombei tena. Akaingia Jyoti Gondek, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Calgary, na Oktoba 2025 Gondek naye akaangushwa na Jeromy Farkas. Uchaguzi huo wa 2025 ulikuwa wa kwanza kwa vyama kuruhusiwa kwenye karatasi za kura Calgary na Edmonton, na mashine za kuhesabia zilipigwa marufuku, kura zikahesabiwa kwa mkono. Serikali ya jimbo iliamua, miji haikuulizwa. Sheria ya miji ni mali ya jimbo, inaweza kubadilishwa bungeni Edmonton wiki yoyote. Ukilielewa hilo unaelewa kwa nini meya wa zamani anataka uongozi wa jimbo.

MzeeWaMahesabu
Kabla hamjaingia huko, Calgary iliwahi kutoa mwalimu mwingine, na wa kwake ulikuwa msiba wa hesabu. William Aberhart, mkuu wa shule ya Crescent Heights kuanzia 1915 hadi 1935, mhubiri wa redioni kupitia CFCN tangu 1925. Mdororo wa uchumi ulipobana akaanza kufundisha nadharia ya fedha redioni kama anavyofundisha hesabu, akiahidi dola 25 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Agosti 1935 chama chake cha Social Credit kikachukua viti 56 kati ya 63. Akawa waziri mkuu wa jimbo ingawa yeye mwenyewe hakuwa amegombea kiti. Aliingia bungeni baadaye kwa uchaguzi mdogo.

Mwaka 1936 akatoa hati za fedha za jimbo. Hati ya dola 1, kila wiki mwenye nayo abandike stempu ya senti 1 nyuma yake la sivyo haitumiki. Lengo watu wasizifungie ndani. Zilikwama kwa sababu ya wazi: serikali iliyozitoa ilikataa kuzipokea kwa kodi. Duka linazipokea, halafu likazitumie wapi? Na ikifika Jumanne kila mmoja anamsukumia mwenzake ili stempu ya Jumatano isimkute nazo.

Serikali yake ilipitisha pia sheria ya kumrudisha mbunge nyumbani. Wapiga kura wa eneo lake mwenyewe walipoanza kukusanya sahihi za kumng'oa yeye, bunge likaifuta sheria hiyo mwaka 1937 na kuufanya ufutaji uhusu hata yaliyokwisha kutokea. Mwalimu akabadilisha maswali katikati ya mtihani.

Ngarenaro
Mzee umeua. Turudi kwa wetu.

Juni 22, 2024 Nenshi alichaguliwa kuongoza NDP ya Alberta, chama cha upinzani cha mrengo wa kushoto, kumrithi Rachel Notley: kura 62,746, asilimia 86, raundi ya kwanza. Wanachama wapya walijiandikisha kwa wingi kwa ajili yake, na hilo lilizua manung'uniko kwa wakongwe wa chama waliomwona mgeni. Hakuwa na kiti, kwa hiyo mwaka mzima kiongozi wa upinzani ndani ya ukumbi alikuwa Christina Gray, na yeye anatazama kutoka roshani ya wageni. Notley alijiuzulu kiti cha Edmonton-Strathcona mwishoni mwa Desemba 2024, uchaguzi mdogo ukafanyika Juni 23, 2025, akashinda kirahisi.

Kuna kitu cha kanuni ambacho wengi hawakukijua. Kadi ya NDP ya Alberta ilikuwa moja kwa moja ni kadi ya NDP ya taifa. Kwa jimbo la mafuta huo ni mzigo, kwa sababu kila kauli ya chama cha taifa huko Ottawa dhidi ya bomba la mafuta inabebwa na mgombea wa Calgary. Mei 2025 wanachama walipiga kura kuufanya uanachama wa taifa uwe wa hiari. Yule wa rangi ya zambarau alijua anachofanya.

KijanaWaTudor
Je, 2027 hesabu inamruhusu? Wengine humu wanasema tayari kashinda.

Tarakimu
Acha wasemao. Mwaka 2023 UCP, chama tawala cha kihafidhina, walipata viti 49, NDP 38, bunge la 87. Hizo 38 zilitoka hivi: Edmonton zote 20, Calgary 14 kati ya 26, na 4 kwingineko. Uchaguzi ujao ni Oktoba 2027 na viti vitakuwa 89, kwa hiyo wingi ni 45, na mipaka inachorwa upya. Edmonton hakuna cha kuongeza. Vijijini NDP haipo. Ukiweka 38 kama msingi anahitaji 7 zaidi, na karibu zote lazima zitoke kwenye zile 12 za Calgary alizozikosa Notley, ambazo nyingi ni za kusini mwa jiji, kwa watu walewale waliompa Bill Smith kura mwaka 2017.

Mkarafuu
Na wenye bili za kodi mkononi.